Kelele Niliyompelekea Bi Zuhura

Nilistaafu mwezi uliopita. Wenzangu wa idara ya matengenezo waliniaga kwa pilau na saa ya ukutani. Ni saa nzuri, fremu yake ya mninga, ila inagonga kila sekunde. Nimeitoa betri. Mtu aliyetumia miaka thelathini kutafuta vitu vinavyogonga hawezi kulala na kimoja juu ya kichwa chake, hata kama ni zawadi.

Mlinitaka niandike machache kwa ajili yenu mnaobaki. Nitaandika, lakini kwa vituo, kwa sababu nimechoka. Bega langu la kulia halinyanyuki tena kupita sikio, na sikio la kushoto lina mvumo wake lenyewe ambao hakuna spana ya kuukaza. Habari za vyeo zitafuteni kwenye mafaili, kama panya wameziacha. Mimi nitaeleza kazi yenyewe, yaani kumpa mgeni chumba cha baridi kisicho na kelele. Ndiyo hiyo tu. Mke wangu hunishangaa ilikuwaje kitu kidogo namna hiyo kikamaliza umri wa mtu.

Kabla ya hoteli nilikuwa natengeneza majokofu kwenye kiduka cha Mkunazini. Friji ikinguruma, mwenye friji hulala chumba kingine, haji kulalamika. Nilipoingia hoteli ya Kiponda nikakuta dunia nyengine. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa zamani, ghorofa tatu, kuta za mawe na chokaa unene wa mkono mzima, dari za boriti. Viyoyozi vilikuwa vile vya dirishani, boksi moja lenye kila kitu ndani yake, vimetobolewa ukutani juu ya vitanda. Vikiwashwa vyote, glasi za mkahawani zilikuwa zinatembea mezani. Asubuhi mgeni hushuka na macho mekundu akaomba ahamishiwe chumba kisicho na kiyoyozi. Mchana jua likishamkolea, huyo anarudi kuomba chenye kiyoyozi.

Fundi mkuu alikuwa Haji Ame, mtu wa Bwejuu, mfupi, mwenye kusema kama anayelipia maneno. Ufundi aliupata kwenye vyumba vya barafu vya samaki. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipeleka chumba namba tatu, akatandika gazeti juu ya shuka na kuniambia nilale. Nilidhani ananipima uvivu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nasikia mashine.

"Mashine haina kelele moja. Zihesabu."

Nilihesabu mbili, feni na kompresa. Yeye aliniambia ziko tano. Kulikuwa na bati lililolegea, maji yaliyokuwa yakichezacheza kwenye sinia lake, na kioo cha dirisha kilichokuwa kikiyajibu yote hayo. Akanambia mgeni halali kwenye ngazi, analala hapo nilipolala mimi, na fundi asiyelala hapo hajui anatengeneza nini. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua mashine ya chumba bila kulala kwanza kitandani. Wakuu wa usafi wote niliofanya nao kazi walinichukia kwa jambo hilo, gazeti au bila gazeti.

Chombo chake kikubwa kilikuwa bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Ncha huigusisha kwenye mashine, mpini huubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Beringi inayokufa husikika kama mchanga kwenye sufuria. Kompresa iliyokosa mafuta hukohoa. Nimepewa vifaa vingi baada ya hapo, vyenye vioo na taa, na baadhi yake vilikuwa vizuri. Bisibisi haikuwahi kuishiwa na chaji.

Hapa niseme mambo machache ya mkono, kisha niendelee. Anzeni na skrubu, kwa sababu nusu ya kelele za dunia ni skrubu. Osheni feni, chumvi na vumbi vikishika bawa moja zaidi ya jengine feni huyumba na ukuta mzima huyumba nayo. Mpira wa kuweka chini ya mashine ukatwe kwenye tairi la lori, msikate tyubu ya skuta, hiyo hulala bapa kabla ya msimu kwisha. Msikubali mashine kubwa kuliko chumba. Hupoza haraka, hujizima, hujiwasha tena, na mgeni haamshwi na kelele, anaamshwa na kelele inayobadilika. Na msicheke mgeni kwa analoomba. Bibi mmoja mwezi wa Julai aliniuliza kitufe cha joto kiko wapi. Nilimfungulia dirisha akaridhika.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa chumba namba saba. Wasafishaji walikataa kukiingia. Walisema kuna mtu anabisha hodi ndani ya ukuta, anabisha mara tatu nne, ananyamaza. Mgeni mmoja alikwisha hama. Walikuwa wameleta chetezo na ubani, na Haji Ame aliwaacha wafukize mpaka wakatosheka, kisha akaketi kwenye kiti asubuhi nzima na mimi nimekaa sakafuni. Karibu na adhuhuri akasema kubisha kunakuja kila mashine ikizima. Chumba kile peke yake kompresa yake ilikuwa mbali, si ya dirishani, na bomba lake la shaba lilipita juu ya boriti, likipoa linasinyaa na kila likisinyaa linagonga mti. Kesho yake alikuja na fundo la usumba, zile nyuzi za makumbi ambazo mkewe alikuwa akisokotea kamba kule Bwejuu. Tukalizungushia bomba kila lilipogusa boriti. Hodi ikakoma. Wasafishaji waliushukuru ubani, nami nilipotaka kuwapinga Haji Ame alinitazama mpaka nikafunga mdomo. Chumba kilikuwa kimetulia, na ndicho tulichotumwa.

Miaka ya katikati nilikwenda hoteli za pwani ya mashariki. Sina mengi ya kusema juu ya huko. Upepo wa bahari hula koili za mashine kama mchwa wanavyokula mlango, na kila umeme ukikatika jenereta liliwaka upande wa pili wa ukuta wa mgeni aliyekuja kutafuta utulivu. Nilijenga vibanda vya majenereta vinne, nikavihamisha vitatu. Nikarudi mjini na bega hili.

Hoteli ya Kiponda ilikuwa imepata meneja mpya, Bwana Nassor. Alikuwa mtoto wa mjini. Babu yake alikuwa na mashamba ya karafuu, baba yake akauza vitambaa, yeye akaangukia hoteli, na alikuwa akisema kila kizazi kinashuka ngazi moja, mwanawe atakuwa fundi viyoyozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na wageni wanaoandika. Siku hizi mgeni akikosa usingizi halalamiki mapokezi, anaandika kwenye mtandao na kila mtu anasoma. Bwana Nassor alikuwa akinisomea maneno yao kila asubuhi kabla sijanywa chai. Mmoja aliandika kuwa amelala ndani ya ndege inayotaka kuruka.

Basi tukaamua kung'oa viyoyozi vyote vya dirishani na kuweka vya vipande viwili, kimoja chumbani kinachopuliza taratibu, na kimoja nje chenye kompresa na makelele yote. Mashine za ndani hazikunipa shida. Shida ilikuwa wapi pa kuziweka za nje, kumi na nne. Mbele ya nyumba hairuhusiwi, mji ni wa kuhifadhiwa na watu wa hifadhi hupita wakiangalia kuta. Juu ya paa ndiko kulikokuwa na mkahawa. Ikabaki nyuma.

Nyuma ya hoteli kuna kichochoro chembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima ajigeuze ubavu. Ng'ambo yake ni nyumba ya Bi Zuhura. Alikuwa mjane, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na kila siku baada ya alasiri akisomesha chuo cha Kurani kwenye ukumbi wake wa chini. Watoto ishirini na kitu, wakitoka skuli, huvua viatu mlangoni na kukaa kwenye mkeka. Dirisha la ukumbi lenye nondo liliangalia ukuta wetu wa nyuma.

Haji Ame alikuwa amebakisha miezi michache astaafu na magoti yalikwisha kumkatalia ngazi, hivyo kazi ile niliiongoza mimi. Alitazama mchoro wangu akauliza paa lina nini. Nikamwambia lina meza. Akasema kelele haifi, inahama tu, na nitazame inahamia kwa nani. Nilimwambia kuwa Bwana Nassor ameshaamua, na kweli alikuwa ameamua. Lakini naandika haya nikiwa nimestaafu, sina haja ya kujificha. Mimi ndiye niliyekwenda kupima kichochoro. Niliziona nondo za lile dirisha, niliviona viatu vidogo mlangoni, na niliandika vipimo kwenye daftari.

Kazi ilitoka safi. Vyumba vilitulia mpaka wageni wakaanza kusikia adhana za misikiti mitatu na kutofautisha sauti za waadhini. Mmoja aliandika kuwa hajapata kulala vile tangu utotoni. Bwana Nassor aliyachapa maneno yale na kuyatundika mapokezi. Mimi niliyasoma kila nilipopita.

Wiki ya pili Bi Zuhura alikuja hotelini, ameshikwa mkono na mtoto wa jirani. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza kama ni mimi ndiye fundi. Nikamwambia naam, jina langu Suleiman. Hakugombana. Alisema kuna mvumo mkubwa dirishani kwake na upepo wa moto unaingia ndani, na akauliza kama ndivyo itakavyokuwa.

"Mashine mpya, Bi," nikamwambia. "Zina ukali. Wiki chache tu zitazoea."

"Zitazoea?"

"Naam. Zitapoa."

"Basi mwanangu ntasubiri," akasema, na akashukuru.

Nyinyi ni mafundi, mnajua. Mashine haizoei. Mashine mpya ndiyo iliyo kimya kuliko itakavyokuwa siku zote zinazofuata. Nilisema lile neno kwa sababu ilikuwa mchana, nilikuwa na chumba kinachovuja ghorofa ya pili, na lilikuwa neno la haraka kuliko ukweli. Lilipokwisha kutoka likanipendeza kwa jinsi lilivyofanya kazi.

Alikuja mara ya pili baada ya miezi miwili. Safari hiyo nilishuka kichochoroni, nikabadilisha mipira chini ya mashine sita zilizoelekea dirishani kwake, nikakaza hiki na kile. Ilisaidia kidogo, kiasi cha mtu aliyekuwa anapiga kelele kuanza kusema kwa nguvu. Nikamwambia asubiri tena. Akasema atasubiri.

Mara ya tatu hakuja. Msimu wa wageni ulikuwa umejaa, nami sikuwa na wakati wa kumkumbuka mtu asiyekuja. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa napita kichochoroni na mtungi wa gesi begani, nikaona mlangoni kwake hakuna viatu. Niliweka mtungi chini. Nikabisha hodi.

Alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka. Alinikaribisha ndani, na ilinibidi niulize mara mbili watoto wako wapi, kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia. Akaniashiria nikae karibu yake.

Nilikaa. Mashine zote zilikuwa zinakwenda, maana saa ile ndiyo wageni wanarudi kutoka baharini na kuwasha baridi kwa nguvu zote. Upepo wa moto uliingia kwenye nondo ukanipiga usoni. Ule mvumo nilikuwa nimeusikia maelfu ya mara nikiwa nimesimama mbele yake na spana mkononi, na hapo ni kazi. Nikiwa nimekaa chini, mikono mitupu, ulinikaa kifuani.

Bi Zuhura alinieleza kwa kuinama sikioni kwangu. Macho yake yalikuwa hayaoni msahafu kwa miaka mingi, lakini msahafu ulikuwa kifuani mwake. Alikuwa anasomesha kwa kusikia. Mtoto husoma, naye husikiliza, herufi ya ha ikitoka kama kha anamsimamisha, neno likivutwa fupi anamsimamisha. Tangu mashine zije alikuwa anaona midomo ya watoto kama vivuli vinavyocheza, na asichosikia alikuwa anakipitisha.

"Nikawa namwachia mtoto kosa," alisema, "na kosa linakwenda naye. Atalisalia maisha yake yote. Hiyo ni amana, Suleiman. Siwezi kumsomesha mtoto nisiyemsikia."

Alikuwa amewaita wazee wa watoto mmoja mmoja, akawaomba wawapeleke chuo kingine. Hakuwaambia habari ya mashine. Aliwaambia amezeeka.

Nilipotoka pale nilisahau mtungi wa gesi mlangoni, nikarudi kuuchukua bila kubisha hodi mara ya pili.

Ijumaa iliyofuata nilipanda Vespa nikaenda Bwejuu kwa Haji Ame, aliyekwisha kustaafu. Sukari ilikuwa imemchukua mguu mmoja. Nilimkuta kitandani ukumbini, redio imezimwa. Nilimweleza yote, pamoja na lile neno la zitazoea. Nilitaka aniambie kuwa yeye pia amewahi kusema maneno kama hayo, kwamba kila fundi husema. Hakuniambia. Aliuliza kama nimeshamwambia yule mama ukweli. Nikamwambia bado.

"Anza na hilo. Spana baadaye."

Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaanza kunichorea na kidole juu ya shuka. Mashine sita zipande paani, nyuma ya jiko. Zisikae juu ya boriti hata kidogo, mvumo utashuka hadi kwenye vitanda vya wageni na nitakuwa nimerudi nilikoanza. Zikae juu ya fremu inayoegemea kuta mbili nene. Bomba likipanda juu liwe na kona za kushikia mafuta kila baada ya hatua kadhaa, la sivyo kompresa zitakauka. Alisema mpaka akachoka. Mkewe akanitazama, nikaaga.

Sikuanza na ukweli. Nilianza na Bwana Nassor, nikijidanganya kuwa nitamwendea Bi Zuhura nikiwa na kitu mkononi.

Bwana Nassor alikataa. Fremu ile ingekula meza nne za mkahawa, zile za pembeni ambazo wageni huzipigania kupiga picha. Akanikumbusha kuwa kichochoro si mali ya Bi Zuhura, na kuwa mama mwenyewe ameacha kulalamika. Yote yalikuwa kweli. Sikubishana naye. Nilimwomba tu twende tukamwamkie jirani, kwa kuwa tangu awe meneja hajawahi kuingia kwake, na hilo kwa mtoto wa mjini ni aibu. Akakubali. Nikachagua saa ya kwenda, baada ya alasiri.

Bi Zuhura alitutolea kahawa na kashata. Bwana Nassor alimwamkia na kumuuliza hali. "Naam?" akasema Bi Zuhura, na kutega sikio. Akamuuliza tena. "Naam?" Mara ya tatu Bwana Nassor, mtu wa adabu, alijikuta anapaza sauti kama anayemwita mpagazi bandarini, mbele ya mama wa makamo ya mama yake, ndani ya nyumba yake. Alitoa leso. Jasho lilikuwa linamtiririka. Tulikunywa kahawa yetu, tukaaga, tukavuka kichochoro, tukafika ngazini.

"Masika," akasema. Akapanda.

Ndiyo sababu kazi ile ilifanywa kwenye mvua. Masika vyumba vingi hubaki vitupu, na ndio wakati pekee wa kuzima mashine bila mtu kuandika. Tulikuwa watu wanne, mimi mkubwa wao, na ngazi za nyumba ile nyinyi mnazijua, kila moja ina kimo chake. Tulipandisha mashine sita kwa kamba na mabega, ghorofa tatu, na kila tulipofika paani mvua ilikuwa imetutangulia. Fremu tuliikalisha juu ya kuta kama Haji Ame alivyochora. Mabomba mapya niliyakunja mwenyewe. Mashine nane zilizobaki tulizisogeza mwisho wa kichochoro, zikaelekea ukuta usio na dirisha. Ilituchukua wiki tano. Haji Ame alifariki katika wiki ya nne. Nilikwenda maziko Bwejuu nikarudi siku ile ile, kwa sababu mabomba yalikuwa wazi na maji yakiingia ndani yake mashine imekwisha. Hivi ndivyo kazi inavyokuchukulia vitu, kwa sababu nzuri kila mara.

Wageni waliporudi, nililala kwenye vyumba vyote, kimoja kimoja. Vilikuwa kimya kama vilivyokuwa. Bwana Nassor aliandika mahali pa meza nne kuwa ni sehemu ya wafanyakazi tu, na hakunisemesha kwa siku kadhaa, kisha akanisemesha.

Watoto hawakurudi. Walikuwa wameshapata mwalimu mwengine, na Bi Zuhura alisema si adabu kuwang'oa wanafunzi mkekani kwa mwenzake. Baadhi ya wazee walimwendea, akawakatalia. Hilo nililisikia kwa watu, kwa maana mimi mwenyewe nilikawia kwenda. Nilikuwa na sababu. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri, zilinimaliza karibu mwezi mzima.

Nilikwenda siku ya jua kali, baada ya alasiri. Aliijua sauti yangu kwenye hodi. Nikakaa mkekani. Fagio la jirani lilisikika uani, na tasbihi yake ilisikika punje kwa punje.

"Zinafanya kazi sasa hivi?" akaniuliza.

"Naam. Zote."

Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama.

"Suleiman. Uliponambia zitazoea. Ulikuwa unajua?"

Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo mwaka uliotangulia isingenifikia. Nilifikiria kumwambia kuhusu Bwana Nassor, na meza, na watu wa hifadhi. Nilifikiria kumwambia jinsi tulivyozipandisha kwenye mvua.

"Nlikuwa najua, Bi."

Tasbihi ilikwenda punje tano sita.

"Watoto nliwaambia wasubiri," akasema. "Nikawaambia fundi kasema."

Hakuningojea nijibu. Alijiweka sawa mkekani, akaivuta kanga yake begani, akanigeuzia sikio moja, la kulia.

"Soma," akasema.

Nikamuuliza nisome nini.

"Alhamdu. Kila mtu hapa anaanza nayo."

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, nina mvi, nina mafuta ya mashine kwenye kucha. Nilikaa vizuri nikasoma. Nilikuwa nimeisoma sura ile katika sala kila siku ya maisha yangu bila mtu kunisikiliza. Nilifika katikati, akanyanyua kidole.

"Herufi ya ain umeimeza. Rudia."

Nikarudia. Akanyanyua kidole. Nikarudia tena, akanyanyua tena, bila ya hasira, kama mtu mwenye alasiri nzima mbele yake. Mara ya nne hakunisimamisha.